Pete ya Saizi Sita na Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Namchumbia. Miaka mitatu ya kufikiri, na leo asubuhi nikipiga mswaki nikaona kumbe hapakuwa na la kufikiri.

Haraka ina sababu. Mkunga anaondoka. (Namwita Mkunga hata humu, kwa kuwa mtaa mzima unamwita hivyo, na daftari likiokotwa nitakana.) Jumatatu ya tarehe 17 anakwenda kozi ya miezi sita, hospitali nyingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Hilo ningelimeza. Lisilomezeka ni kwamba basi hilohilo linamchukua na Mpiga Plasta.

Mpiga Plasta ni yule wa kufunga mifupa iliyovunjika. Mikono minene, kicheko kikubwa. Hana pete kidoleni. Nimechungulia mara tatu, siku tatu tofauti. Kibanda changu cha picha za pasipoti kinatazamana na lango la hospitali, hivyo uchunguzi wangu ni wa uhakika. Kapera! Na mwezi uliopita alimpa Mkunga kopo la mafuta ya mikono, eti kunawa sana kunakausha ngozi. Mafuta! Mkunga alifurahi kama aliyepewa kiwanja.

Mpango: pete yenye jiwe. Jiwe la kuonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Mpiga Plasta akiliona tu, atajua kuwa nyumba ina mwenyewe.

Jioni Mkunga alipita kibandani akitoka zamu. Alizungumza kwa kirefu kuhusu glavu. Kuna mwenzake aliyevaa kitu fulani, kikachana kitu fulani, Sista Mkuu akafoka wodi nzima ikasikia. Mengine sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nafikiria pete.

Jumanne, 4 Machi

Kwa Sonara. Mzee wa miwani miwili, mmoja puani, mwingine kwenye paji. Nimechagua jiwe la buluu, saizi ya punje ya hindi. Limesimama juu ya makucha manne. Sonara aliuliza huyo bibi anafanya kazi gani. Nikamwambia hilo halihusiani. Akauliza saizi ya kidole.

Sikujua vidole vina saizi.

Dada yangu kanizidi miaka miwili, ila yeye anahesabu ishirini. Amesema nimuulize Mkunga mwenyewe. Nimuulize! Halafu itakuwa siri gani? Nikamkumbusha kuwa chanda chema huvikwa pete. Akasema wahenga walisema pete, hawakusema mwamba.

Mchana nikaenda kwao Mkunga. Alikuwa katoka zamu ya usiku, kalala kwenye kochi, mkono unaning'inia. Bahati iliyoje! Nikachukua uzi kwenye kikapu cha mama yake (naye namwita Mama, kwa kujizoeza), nikapiga magoti, nikauzungusha kwenye kidole. Nikaweka fundo la alama. Akafumbua macho.

Aliuliza nafanya nini. Nikasema kulikuwa na chungu akitambaa kidoleni. Akauliza yuko wapi. Nikasema keshaondoka. Akautazama uzi, akauliza na huu je. Nikasema nilitaka kumfunga.

Akalala tena. Nadhani aliamini.

Uzi nikauvua kidoleni, nikauweka mezani, nikaenda kunywa maji. Kurudi, haupo. Mama alikuwa keshautunga kwenye sindano. Kipimo cha kidole cha mwanawe sasa kiko kwenye shati la mumewe, Baba, kifungo cha pili kutoka juu.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Asubuhi niliingia hospitali kama mtu anayeangalia mgonjwa. Mlangoni pa wodi ya wazazi kuna bango: kucha fupi, mikono mitupu hadi kwenye viwiko, marufuku bangili, marufuku saa ya mkononi, marufuku pete zenye vito. Nililisoma lote nikisubiri Sista Mkuu apite. Bango zuri, rangi mbili. Nadhani linawahusu wageni.

Kisha nikateremka kwa Bwana Stoo. Tunaelewana. Niliwahi kumpiga picha ambayo kipara hakionekani. Bwana Stoo hugawa vifaa kwa wafanyakazi wote, na namba zao za glavu anazijua kichwani kama majina ya wanawe. Nikazungukazunguka na habari za mvua, kisha nikapenyeza swali. Mkunga anavaa namba ngapi? Sita na nusu, akajibu, bila hata kuinua kichwa. Nikauliza na Mpiga Plasta, kwa udadisi tu. Nane na nusu. Sikushangaa.

Sita na nusu! Glavu huvaliwa mkononi, pete huvaliwa mkononi. Wengine wangehangaika mwezi mzima. Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempa Sonara namba. Akauliza sita na nusu ya nini, maana anavyo vipimo vya aina tatu. Nikasema ya hospitali. Akavua miwani mmoja. Akasema kama ni ya hospitali, wale hupima kwa sentimeta, basi bila shaka ni sentimeta sita na nusu za mzunguko. Nikasema bila shaka.

Akasema huyo bibi ana mkono wa kazi. Nikasema, kwa fahari, ndiyo, ni mtu wa kazi.

Bei sitaiandika. Dada husoma daftari hili.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwao Mkunga. Nilitumia muda wote kuvitazama vidole vyake. Vinaonekana vyembamba, lakini macho hudanganya. Stoo haidanganyi.

Mama aliuliza mbona sili. Mkunga akaficha mikono chini ya meza, akasema anajua imekauka, na kopo la mafuta limeisha, itabidi amwombe tena Mpiga Plasta. Amwombe tena! Wali ulinikwama. Baba alinipiga mgongoni. Shati lake lilikuwa lilelile, na nikakitazama kifungo cha pili kutoka juu kwa uchungu.

Nikitoka, Mkunga alinisindikiza hadi kona. Akasema miezi sita si mchezo, na kama kuna mtu ana neno la kusema, aseme kabla ya tarehe 17, kwa sababu yeye si wa kukaa akisubiri barua. Alisema akitazama pembeni. Nilitaka kusema palepale. Ila pete ilikuwa bado kwa Sonara, na mwanaume hasemi mikono mitupu. Nikamwambia nadhani mvua itanyesha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeichukua. Jiwe linawaka! Nimeisimamisha kwenye stuli ya wateja, nikavuka barabara, nikatazama. Linaonekana.

Pete yenyewe kubwa kidogo. Dada aliingiza kidole gumba, kikabaki na nafasi. Akauliza naoa mtu au mnara. Wivu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko usamehewe.

Nilipanga kumkuta Mkunga saa ya mapumziko, nipige goti kwenye ukumbi ambako Mpiga Plasta hunywa chai. Mfuko wa suruali una tundu, kwa hiyo nikaivaa pete mwenyewe, kidole cha pete, mkono wa kulia, kwa usalama. Asubuhi kulikuwa na baridi. Iliingia bila shida, ikanitosha kama nilipimwa mimi.

Nikatembea. Jua likachomoza. Kidole kikavimba.

Watu husema fulani na fulani ni kama pete na kidole. Nilikuwa siijui maana yake. Maana yake ni kwamba hawatoki. Nilijaribu sabuni. Nilijaribu mafuta ya kupikia. Dada alivuta, mguu mmoja kauegemeza kifuani pangu. Kilichotoka ni mimi kwenye kiti. Saa nne kidole kilikuwa rangi ya bilingani, nikaogopa kweli.

Hospitali. Mapokezi walinitazama kidole, wakaniambia niende chumba cha mwisho kushoto, ndiko koleo la kukatia pete liliko. Chumba cha mwisho kushoto ni cha plasta.

Alikuwa peke yake, aproni imejaa chokaa. Akaushika mkono wangu, akaligeuza jiwe kwenye taa, akapiga mluzi. Ameliona, basi. Mpango umetimia, kasoro kidole tu.

Akatoa koleo. Nikakataa. Akasema kidole kimoja kina thamani kuliko pete kumi. Nikasema hajui niliyoyapitia. Akauliza, kwa upole ulioniudhi, saizi hii niliipata wapi. Nikamwambia: Stoo. Namba ya glavu.

Alikaa chini akicheka. Alifuta machozi kwa mkono wenye plasta, akabaki na mstari mweupe usoni. Alipopata pumzi akaeleza kwamba namba ya glavu hupima kiganja kizima, haina habari na kidole. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa Sonara hakukuwa na mkuu wa kunionya. Akasema methali hiyo anaiheshimu sana, ndiyo inayomletea wateja.

Kisha akavuta uzi shingoni, ndani ya shati. Mwishoni kuna pete. Pete ya ndoa! Miaka kumi na moja, watoto wanne. Haivai kazini kwa sababu plasta ikiganda juu yake ni balaa. Akasema hapa karibu kila mtu yake iko shingoni, mfukoni au nyumbani kwenye kikombe. Na yale mafuta anayatengeneza mkewe. Hospitali nzima inayapaka. Hata Sista Mkuu.

Nilikosa pa kuuweka uso. Akaenda kumwita Mkunga, eti ana mikono myepesi.

Mkunga alikuja amevaa glavu. Akatazama kidole, akatazama jiwe, akanitazama mimi. Akaomba uzi. Akapenyeza ncha chini ya pete, akauviringisha kwenye kidole, mzunguko juu ya mzunguko, hadi ukavuka kifundo. Akapaka mafuta ya mke wa Mpiga Plasta. Alipoanza kuufungua kutoka chini, aliuliza kama huu ndio uzi wa chungu.

Nikasema ndiyo.

Pete ikawa inapanda, kidogo kidogo. Kucha moja ya jiwe ikanasa kwenye glavu yake. Ikachanika. Akavaa nyingine. Ikachanika. Ya tatu ikadumu mpaka kwenye kifundo, kisha nayo ikachanika. Pete ikatoka. Akazipanga zile glavu tatu mezani mbele yangu, vidole vikinielekea, kila moja na tundu lake.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema mtoto anapotoka ngozi yake ni laini kama karatasi iliyoloa, na mikono yake yeye ndiyo kitu cha kwanza cha dunia kumgusa. Akasema aliniambia haya yote Jumatatu ya wiki iliyopita, kibandani, nusu saa nzima. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Sista Mkuu akaita kutoka koridoni: kuna mama anakaribia kujifungua. Mkunga akanirudishia pete kiganjani. Akasema hapana, hii hawezi. Akaondoka mbio.

Hapana. Alisema hapana.

Jumatano, 12 Machi

Sikufungua kibanda. Nimelala kifudifudi. Dada aliniletea uji, akasema hata kuku wa kuchinjwa huwa na uso mchangamfu zaidi.

Nimerudi nyuma kusoma niliyoandika tarehe 3. Kweli yamo. Glavu, kuchana, Sista Mkuu. Niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu mzima.

Nampenda. Sijaliandika hilo popote humu, nimeona leo. Kurasa zote ni jiwe, jiwe, jiwe.

Alhamisi, 13 Machi

Saa tatu asubuhi. Niko kibandani, nimefungua nusu ya mlango kwa heshima ya msiba wangu. Mkunga akaingia. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akanyoosha mgongo. Akasema anataka picha nne za fomu ya kozi.

Nikamwambia sawa, kama kwa mteja mwingine yeyote. Nikaangalia ndani ya kamera. Nikapiga. Akauliza mbona sikuonekana jana. Nikasema alisema hapana. Akasema ndiyo, aliiambia pete hapana. Yeye hajaulizwa kitu na mtu. Kaulizwa habari za chungu na habari za mvua.

Nilibaki na kamera usoni. Humo ndani anaonekana mdogo, kichwa chini miguu juu, maana kamera yangu ya zamani hugeuza picha. Nikauliza hapohapo, nyuma ya lenzi. Sikupiga goti, nilisahau. Sina hata hakika nilitumia maneno gani.

Akasema ndiyo. Akasema ingekuwa ndiyo hata kwa ule uzi, kama ningeuacha kidoleni.

Nimelia. Naandika bila aibu. Dada, ukisoma, soma. Picha nilipiga saba kwa sababu nilisahau kuhesabu. Picha za fomu hazitakiwi kucheka, na zote saba anacheka. Jioni ofisi ya hospitali imezirudisha.

Jumamosi, 15 Machi

Kwa Sonara, wawili. Akampima Mkunga kidole, akanitazama mimi juu ya miwani yote miwili. Pete ya kwanza amekubali kuiyeyusha.

Mkunga kachagua mwenyewe. Nyembamba, laini, bapa, haina jiwe, haina nakshi, haina pa uchafu kujificha. Sheria inairuhusu. Akiwa na kazi kubwa ataitundika kwenye pini ya saa yake ya kifuani. Alinawa nayo kwenye bomba la Sonara kwa sabuni, hadi viwiko. Akatoa glavu mfukoni, akavaa, akakunja ngumi, akakunjua. Akavua. Nzima! Akaipuliza ikawa puto, akanipa. Sijawahi kumwona akifurahi hivyo, hata siku ya mafuta.

Nikavuka barabara kuhakikisha. Haionekani. Nimejifunza kunyamaza.

Sonara alinirudishia jiwe la buluu kwenye kikaratasi.

Jumatatu, 17 Machi

Kaondoka. Kituoni Mpiga Plasta alibeba mabegi yote na kuniahidi kumtunza shemeji yake. Mtu mwema, siku zote nilisema. Mkunga alitoa mkono dirishani mpaka basi likakata kona. Pete sikuiona, lakini nilijua ipo. Kibanda kimepwaya.

Jumapili, 23 Machi

Mkunga kapiga simu. Sauti nzuri, mtandao mzuri. Alizungumza kwa kirefu kuhusu gauni la harusi. Kuna jambo asingelipenda, na jambo jingine nimsubiri tulifanye pamoja, na alirudia mara mbili, akauliza kama nimesikia. Nikasema ndiyo. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nafikiria gauni.

Maana nimepata wazo. Atakaporudi, alikute tayari! Limeshonwa, limepigwa pasi, limetundikwa kibandani. Safari hii sikurudia kosa la glavu. Glavu ni kiganja. Gauni ni mwili. Kwa hiyo jana nilimwendea Bwana Stoo, nikazunguka na habari za jua, nikauliza Mkunga huchukua gauni la saizi gani lile la chumba cha upasuaji. Akafungua daftari. Kubwa zaidi, la kufungia mgongoni, kwa kuwa ndiyo yaliyobaki.

Kubwa zaidi. Sikujua. Macho hudanganya.

Fundi wa nguo kakata kitambaa leo hii. Aliuliza kama nina hakika na vipimo. Nikamwambia ni vya hospitali. Akasema basi bibi harusi ni mtu wa mwili. Nikasema, kwa fahari, ni mtu wa kazi.

Jiwe nimempa alishone kifuani, katikati, palipo na nafasi.